Bayi na Nyambui
Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, na Suleiman Nyambui wa Majita, katika Kanda ya Ziwa, wote wa mwaka 1953, ndio wanariadha wa Tanzania waliojipatia medali za fedha katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Bayi, ambaye dasturi yake ilikuwa kutangulia tangu mlio wa bastola pasipo kujificha nyuma ya mtu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, ushujaa ambao, kwa hakika, hauna mithili katika taarikhi ya riadha yetu. Nyambui, aliyetanguliwa na Mwethiopia Miruts Yifter katika mita 5,000 huko Moscow, alidumu zaidi, akashinda marathoni ya Berlin 1987 na 1988.