Tita la Kuni na Kipimo Chake Katika Uingereza ya Zamani

Kila jina la kipimo lina mambo mawili ndani yake: kitu chenyewe kionekanacho kwa macho, na haki iliyo baina ya muuzaji na mnunuzi. Jambo hili ladhihirika katika majina ya kuni waliyoyatumia Waingereza zamani, nasi twaona vema kuyaeleza hapa kwa faida ya walimu wayakutao katika vitabu vya kale.

Fito na matawi yaliyofungwa pamoja yaliitwa "faggot", yaani tita. Vijiti vyembamba, vilivyofungwa kwa ufungo mmoja tu, viliitwa "bavin". Hivi viliwaka upesi na kuzimika upesi. Kwa hiyo Shakespeare, katika mchezo wake wa Mfalme Henry wa Nne uliopigwa chapa mwaka 1598, alilitumia neno hilo kwa watu wepesi wa akili wasiodumu. "Billet" ni ukuni mmoja uliokatwa, na "talshide" ni ukuni mrefu na mnene kuliko huo.

Katika karne ya 16 mji wa London ulikua, na bei ya kuni ikapanda. Wauzaji wakaona njia nyepesi ya kupata faida: jina likabaki lile lile, na tita likapungua. Tajiri aliyenunua shehena nzima aliweza kuvumilia. Bali maskini aliyenunua tita moja alirudi nyumbani na moto usiotosha kupikia chakula chake.

Kwa sababu hiyo mwaka 1553, zamani za Mfalme Edward wa Sita, Bunge liliweka sheria. "Faggot" iwe na urefu wa futi 3, na ufungo wake uzunguke inchi 24, pasipo kuhesabu fundo. Maana watunga sheria walijua werevu wa wafungaji. "Billet" iwe na urefu wa futi 3 na inchi 4, na "talshide" futi 4. Tena "talshide" zilitiwa alama za hesabu: yenye alama moja izunguke inchi 16, yenye alama mbili inchi 23. Huenda mwanafunzi akauliza, mbona si inchi 32? Jibu ni kwamba mzunguko ukizidishwa mara mbili, kuni huwa mara nne. Inchi 23 ndizo zitoazo kuni karibu mara mbili. Sheria hiyo ilikaziwa mwaka 1601, zamani za Malkia Elizabeth wa Kwanza, na kuni zilizoonekana pungufu zikaamriwa kutwaliwa na kugawiwa maskini.

Baadaye makaa ya mawe yalishika mahali pa kuni katika London, na vipimo hivyo vikasahauliwa. "Cord", ambayo maana yake ni kamba, imebaki hata leo Marekani na Kanada: ni rundo la futi 8 kwa 4 kwa 4, yaani futi 128 za ujazo.

Basi mfasiri aandikapo "tita" mahali pa "faggot", hakukosa. Walakini neno letu halina inchi ndani yake. Ikiwa habari yenyewe ni ya soko au ya hukumu, yampasa aongeze kipimo, ili msomaji atambue kilichopunguzwa na aliyedhulumiwa.