Nzi wa Manyoya Katika Mito ya Nyeri

Mwaka 1905 Nyeri ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Ilikuwa boma la serikali ya kikoloni pembezoni mwa msitu, bila reli wala barabara ya magari. Mwaka huo ndipo mayai ya samaki aina ya trauti kutoka Loch Leven, ziwa la Uskoti, yalipoingia katika mto Gura. Yalikuwa yamevuka bahari hadi Mombasa, yakasafiri kwa reli, kisha yakapandishwa milima ya Nyandarua na wapagazi. Vitabu humtaja aliyeyaleta: Ewart Grogan, mlowezi aliyejulikana kwa safari yake ya miguu kutoka Cape hadi Cairo. Wapagazi hawatajwi, ingawa kosa dogo la mmoja wao lingetosha kuua mzigo wote. Yai la trauti halistahimili joto, na likitikiswa vibaya linakufa.

Samaki hao walikuwa trauti wa kahawia. Mwaka 1910 wakafuatwa na trauti wa upinde wa mvua, walioletwa kutoka Afrika Kusini. Mito ya Nyandarua na Mlima Kenya iliwafaa kwa sababu ya baridi yake. Trauti hustawi katika maji ya nyuzijoto kumi hadi kumi na tano au sita hivi. Yakizidi ishirini huanza kutaabika, kwa maana maji ya joto hushika oksijeni kidogo. Mto unaoporomoka juu ya mawe, ukivuta hewa kila hatua, ndio makao yake. Gura ni mto wa namna hiyo, na vivyo hivyo Chania, Thego, Ragati, Sagana, Naro Moru, Burguret na Thiba. Ukishuka nayo hadi tambarare zenye joto, trauti anabaki nyuma.

Kwa Wakikuyu wa vilima hivyo, samaki hakuwa chakula. Mto ulikuwa wa kunywa, wa kunywesha mifugo na wa kugawanya mashamba ya ukoo mmoja na mwingine. Kumwona mtu mzima amesimama ndani ya maji hadi magotini, akirusha uzi mbele na nyuma kuanzia asubuhi, lilikuwa jambo geni. Lililokuwa geni zaidi ni kile kilichofungwa mwisho wa uzi. Hakikuwa mnyoo wala kipande cha nyama. Kilikuwa mdudu asiye mdudu, aliyeundwa kwa manyoya ya kuku na uzi.

Ufundi huo ni wa kale kuliko ukoloni. Aelian, mwandishi wa Kirumi aliyeishi mnamo mwaka 200 baada ya Kristo, alieleza jinsi watu wa Masedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoano ili kuwahadaa samaki wa mto wao. Sababu yao ndiyo ya leo. Wadudu wanaoliwa na trauti ni wadogo na laini mno. Ukijaribu kumchoma mmoja kwenye ndoano anapondeka. Basi anaundwa mfano wake.

Inua jiwe katika mto Thego nawe utaona mfano huo umetolewa wapi. Upande wa chini vimeng'ang'ania viluwiluwi vya wadudu, vya rangi ya tope, vyenye mikia miembamba na miguu sita inayoshikilia jiwe. Vikikomaa hupanda juu ya maji, hujivua gamba, huota mbawa na kuruka. Trauti huvila katika kila hatua ya safari hiyo. Ndiyo maana mvuvi hubeba nzi bandia wa aina mbalimbali: wazito wa kuzama hadi kwenye mawe, wengine wa kuelea katikati ya maji, na wengine wa kukaa juu kabisa. Anayeujua mto hutazama kwanza samaki anakula nini, ndipo anapofungua kisanduku chake.

Namna ya kumfunga nzi mmoja inastahili kuelezwa hatua kwa hatua. Fundi hubana ndoano kwenye jiliwa ndogo mezani. Huzungusha uzi mwembamba kuanzia karibu na jicho la ndoano hadi nyuma, zamu baada ya zamu, bila kuacha nafasi. Hufunga nyuzi chache za unyoya ziwe mkia. Husokotea sufu au manyoya ya mnyama kwenye uzi, akajenga kiwiliwili kinachoanza chembamba na kunenepa kifuani. Juu yake huzungusha waya mwembamba wa kumetameta, ili mwili uonekane una pingili. Kisha huja unyoya wa shingo. Wa jogoo ni mkakamavu, hushikilia nzi juu ya maji. Wa tembe ni laini, hunywa maji na kuzama. Unyoya huo huzungushwa mara mbili tatu nyuma ya jicho, nywele zake zikasimama pande zote mithili ya miguu. Hufuata fundo na tone la vanishi. Zamu moja ya ziada kichwani, na jicho la ndoano limezibika, kazi imeharibika.

Wakati wa ukoloni, mchezo wenyewe ulikuwa wa wachache. Hoteli ya Outspan ilijengwa Nyeri mwishoni mwa miaka ya 1920, juu ya bonde la Chania. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha skauti na mpenzi mkubwa wa kuvua, aliishi katika nyumba ndogo uwanjani humo tangu 1938 hadi alipofariki Januari 1941. Amezikwa mjini Nyeri. Mwaka 1948 serikali ilianzisha kituo cha kutotolea trauti Kiganjo, ili mito ipate vifaranga vipya. Huko Kiganjo pia kulikuwa na Sagana Lodge, nyumba kando ya mto wa trauti ambayo koloni ilimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Humo ndimo alimokuwa tarehe 6 Februari 1952 alipopewa habari kwamba baba yake amefariki na yeye sasa ni malkia.

Miezi minane baadaye ilitangazwa Hali ya Hatari. Misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, yenye mito hiyo hiyo, ikapigwa marufuku kwa raia. Maji ambayo wageni waliyaendea kwa starehe yakawa maji ya kunywa ya wapiganaji wa Mau Mau waliopinga ukoloni, na ndege za kivita zikadondosha mabomu juu ya msitu. Historia ya trauti na historia ya kupigania ardhi zimepita katika mabonde yale yale, na ni makosa kusimulia moja kana kwamba nyingine haikuwapo.

Baada ya uhuru, kambi za uvuvi kama Thego na Thiba ziliendelea kupokea wavuvi wenye leseni, na Sagana Lodge ikawa ikulu ndogo ya taifa. Lakini badiliko kubwa lilitokea kwenye meza za mafundi. Wakenya walioanza kwa kuwafungia wavuvi wachache wa kigeni walifanya kazi hiyo kuwa biashara ya kuuza nje. Leo Kenya ni miongoni mwa nchi zinazofunga nzi kwa wingi kwa ajili ya wavuvi wa Ulaya na Marekani, na wengi wa mafundi ni wanawake. Hufunga nzi wa mito baridi, na pia wale wakubwa wa bahari, wenye manyoya marefu ya kung'aa, wa kuwavuta samaki kama sulisuli wanaowindwa kutoka kwenye boti za Watamu. Pengine mvuvi wa Uskoti anayerusha uzi Loch Leven leo anatumia chambo kilichofungwa na mkono wa Mkenya. Mayai yalikuja kutoka huko. Ufundi sasa unarudi huko.

Hapa nyumbani, mito ndiyo inayotutia wasiwasi. Maji ya Naro Moru na Burguret huchotwa kwa umwagiliaji hadi wakati wa kiangazi mkondo hubaki mwembamba, na mto mwembamba hupata joto upesi. Miti ikikatwa kingoni, kivuli huondoka na udongo huingia, ukafunika changarawe ambamo trauti hutaga. Mtetezi wa mazingira Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Nyeri, alisimulia jinsi kijito cha utotoni mwake kilivyokauka baada ya mti wa mugumo uliokuwa karibu nacho kukatwa. Aliona mapema kwamba mti na maji ni jambo moja. Trauti ni mgeni, na yapo maswali halali kuhusu wageni katika mito yetu. Hata hivyo ni shahidi wa kuaminika: mahali ambapo bado anaishi, maji bado ni baridi na safi, na maji hayo ndiyo yanayoteremka hadi Tana na Ewaso Nyiro kuwafikia mamilioni ya watu wasiojua trauti ni nini.

Kwa hiyo kazi ni mbili. Ya kwanza ni kurudisha miti ya asili kingoni na kusimamia uchotaji wa maji, kazi ambayo vyama vya watumiaji wa maji vya eneo hili vimeianza na vinastahili kuungwa mkono. Ya pili ni kuandika majina. Makumbusho ya Nyeri, katika jengo la zamani la mahakama ya wenyeji kule Ruring'u, yangefaa kuwa na kabati la jiliwa, nyuzi na nzi waliofungwa na mafundi wa Kenya, pamoja na maisha yao kwa maneno yao wenyewe. Mafundi wazee bado wapo. Wakihojiwa sasa, mtoto wa shule ya Tetu au Mathira atasoma kwamba historia hii ina jina la Grogan, na kwamba ina majina ya watu wa kwao pia.