Simu, Baruti na Radi

Mwaka 2008 nilikwenda Nyarugusu, Geita, kumsalimu mjomba wangu, ambaye kazi yake ilikuwa kulipua miamba katika maduara ya wachimbaji wadogo. Nilimkuta ameketi kando ya duara. Tulipomaliza kujuliana hali, alininyooshea mkono. "Mpwa wangu, lete hiyo simu kwanza. Hapa haisogei." Nilimpa. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwa kifupi tu: "Simu huita baruti."

Nilicheka kimoyomoyo nikidhani ni imani za wachimbaji, ambazo huku kwetu hazihesabiki. Baadaye nikaona nilikuwa nimekosea, na mjomba naye alikuwa amekosea.

Kanuni hiyo ni ya zamani kuliko simu ya mkononi. John Williamson alipogundua almasi Mwadui mwaka 1940, hapakuwa na mtu mwenye simu mfukoni. Wala haikuwapo mgodi wa zamani wa Geita ulipofungwa mwaka 1966. Walioitunga walihofia redio za upepo zilizofungwa kwenye magari na mitambo ya utangazaji. Fataki ya umeme, ile inayoiamsha baruti, ina nyaya mbili. Nyaya hizo zikitandazwa chini huweza kunasa mawimbi kama antena ya redio. Mawimbi yakiwa na nguvu ya kutosha, umeme hupita ndani yake, na fataki haiulizi umeme umetoka kwa nani. Kwa hiyo walipuaji waliagizwa mambo mawili: ncha za nyaya zisokotwe pamoja mpaka saa ya kuunganisha, na kila chombo kinachorusha mawimbi kikae mbali kadiri ya nguvu zake.

Simu ya GSM hairushi zaidi ya wati 2. Redio ya kwenye gari hufikia makumi ya wati, na kituo cha utangazaji maelfu. Simu ni mdogo wao wote. Lakini yeye ndiye anayeweza kuingia mfukoni na kuinama juu ya waya wenyewe.

Kwetu mambo hayo mawili yalikuja kwa pamoja. Simu za mkononi zilianza Dar es Salaam mwaka 1994. Mgodi mpya wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, ukaanza uzalishaji mwaka 2001, miaka ileile simu zilipokuwa zikienea mikoani. Amri ya kuzima redio ikaongezewa neno simu. Sababu haikuandikwa, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Mwaka 2009 mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa kibarua katika shimo moja ambalo sitalitaja. Siku hiyo walitumia fataki za umeme. Msimamizi alikusanya simu zote, akazizima, akazifungia kwenye ndoo. Nyaya zikaachwa wazi juu ya mwamba huku wingu jeusi likipanda kutoka upande wa ziwa. Kila aliyezaliwa Kanda ya Ziwa anaijua radi ya huku. Ilipiga jirani yao kabla hawajaondoka. Mdogo wangu alipoteza jicho moja. Hata leo akisimulia huanza na maneno haya: "Simu zote zilikuwa zimezimwa."

Msomaji, walitii kanuni bila kujua inamzuia adui gani. Wangejua kwamba hatari ni umeme wa kuokotwa na waya, wangezisokota zile ncha, na wingu lilipotanda wangekimbia wote.

Serikali nayo ina sehemu yake. Tume ya Mawasiliano iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na sheria ya mwaka 2003 ikaleta Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo hugawa masafa na kukagua vifaa. Juni 2016 ilizima simu bandia nchini, na wengi tulinung'unika. Lakini umbali wa usalama hupimwa kwa nguvu ya chombo. Chombo kisichokaguliwa utakipimaje? Tume ya Nguvu za Atomiki nayo hupima mionzi ya minara. Kipimo hicho ni cha kuulinda mwili usipashwe joto kupita kiasi. Ni kanuni nyingine yenye sababu nyingine, ingawa vijijini tunazichanganya zote tukaziita "madhara ya simu".

Nilirudi kwa mjomba mwaka uliofuata. Nikamweleza kwamba yeye hutumia tambi inayowashwa kwa moto, na tambi hainasi mawimbi. Hata migodi mikubwa siku hizi hutumia mrija wa plastiki uliobuniwa Sweden, ambao mawimbi ya redio hayauamshi.

Mzee akanitazama. "Kwa hiyo nilikuwa nakunyang'anya simu bure?"

Nikanyamaza.

"Sikiliza, mpwa wangu. Tambi ikishawaka, unahesabu na kuondoka. Simu ikilia hapo, mtu anasema 'haloo', hesabu inapotea. Nimemwona mmoja."

Akanyoosha mkono tena. Safari hii nilimpa simu bila kuuliza. Vijana wawili walikuwa wamesimama nyuma yangu wakisubiri zamu yao, na kabla hajachukua za kwao, alianza kuwaeleza kwa nini.