Kanda mbovu ya Metallica ambayo mashabiki hawakuitupa

KWA kipimo cha mafundi wa filamu, Cliff 'Em All ni kanda ya video ambayo haikustahili kufika dukani. Picha zake zina giza na zinayumba, na mara kwa mara huzibwa na ngumi za watu waliosimama mbele ya kamera. Sauti inakoroma. Baadhi ya vipande vilipigwa na vijana walioingia na kamera ukumbini kwa kificho, pasipo ruhusa ya mtu yeyote. Hata hivyo, tangu bendi ya Metallica ya Marekani ilipoitoa Novemba 17, 1987, kanda hiyo imebaki miongoni mwa video za tamasha zinazoenziwa mno na wapenzi wa muziki wa hevi metali. Zipo video nyingine za gharama kubwa, zilizopigwa kwa kamera nyingi na kuhaririwa kwa miezi, ambazo mashabiki hao hao wamezikosoa bila huruma.

Chanzo cha kanda hii ni msiba. Cliff Burton, aliyezaliwa California Februari 10, 1962, ndiye aliyekuwa mpiga gitaa la besi wa Metallica. James Hetfield na Lars Ulrich walimwona mjini Los Angeles mwaka 1982 akiichezea bendi ya Trauma, wakamtaka ajiunge nao. Alikubali kwa sharti moja: yeye hangehamia Los Angeles, wao ndio wamfuate kwao, eneo la San Francisco. Si kawaida bendi nzima kufunga virago kwa ajili ya mpiga besi, ambaye katika makundi mengi husimama nyuma na kusahaulika. Mapema mwaka 1983 Metallica ilihama.

Burton alipiga besi kwa vidole vitupu, akiipitisha sauti katika vifaa vya kukanyagwa kwa mguu vilivyoipa mkwaruzo na mlio kama wa mtu anayelia. Msikilizaji mgeni angedhani anasikia gitaa la kawaida. Alishiriki katika albamu tatu za mwanzo za bendi hiyo: Kill 'Em All ya mwaka 1983, Ride the Lightning ya 1984 na Master of Puppets ya 1986. Alfajiri ya Septemba 27, 1986, baada ya onyesho mjini Stockholm, basi la bendi lilikuwa likielekea Copenhagen lilipoacha barabara kusini mwa Uswidi na kupinduka. Burton alirushwa nje kupitia dirishani, na basi likamwangukia. Alikuwa na umri wa miaka 24. Dereva alidai kuwa aliteleza kwenye barafu, dai ambalo Hetfield alilitilia shaka hadharani. Dereva huyo hakushtakiwa.

Bendi ilimwajiri Jason Newsted mwezi uliofuata na kuendelea na safari. Walipotaka kumwandalia marehemu kumbukumbu ya picha, waligundua kuwa ghala lilikuwa karibu tupu. Metallica ilikuwa imejitenga na desturi ya wakati huo ya kutengeneza video fupi za nyimbo kwa ajili ya televisheni. Video yao ya kwanza ya aina hiyo, ya wimbo One, ilitoka mwaka 1989, zaidi ya miaka miwili baada ya Burton kufariki. Msimamo huo uliwapatia heshima kwa mashabiki waliochukia anasa za televisheni, lakini gharama yake ilionekana sasa: mtu aliyecheza mbele ya maelfu kwa miaka mitatu na nusu alikuwa na picha chache mno za kitaalamu.

Ndipo wakageukia walichokuwa nacho mashabiki. Maelezo ya jaladani hayakuficha lolote. Yalimweleza mnunuzi waziwazi kuwa humo mna picha zilizopigwa kwa magendo na mashabiki wajanja, vipande vilivyorekodiwa kwa ajili ya televisheni visitumike, pamoja na picha za nyumbani. Hata bei iliandikwa katika jina kamili la kanda yenyewe, dola 19.98, kama walivyofanya miezi michache kabla katika rekodi yao fupi ya Garage Days, ili muuza duka asiongeze chake. Jina Cliff 'Em All nalo ni mchezo wa maneno juu ya jina la albamu ya kwanza.

Kilichomo ni viraka vilivyounganishwa. Mna onyesho la Machi 19, 1983 katika ukumbi wa The Stone, San Francisco, ambalo lilikuwa la pili tu kwa Burton akiwa na Metallica. Mna Chicago Agosti 1983, tamasha kubwa la Day on the Green mjini Oakland mwaka 1985, Loreley nchini Ujerumani mwaka huo huo, vipande vya ziara ya 1986 ambapo Metallica ilimtangulia Ozzy Osbourne jukwaani, na tamasha la Roskilde nchini Denmark, Julai 1986, chini ya miezi mitatu kabla ya ajali. Katikati ya nyimbo wanaonekana wakinywa bia na kufanyiana mizaha ambayo mzazi asingependa mwanawe aiige.

Kwa nini picha ziko vile? Mwaka 1983 kamera ya video ya mtu wa kawaida ilikuwa mzigo. Aghalabu kamera ilitengana na mashine ya kurekodia, iliyoning'inizwa begani, na kamera zenye kanda ndani yake ndiyo kwanza zilikuwa zikiingia sokoni. Zilihitaji mwanga mwingi, na kumbi za metali huwa na giza linalokatwa ghafla na taa kali. Kamera haikumudu mabadiliko hayo: mara uso wa mwimbaji unageuka doa jeupe, mara jukwaa zima linamezwa na weusi. Kisha kulikuwa na suala la kurudufu. Kanda za zama zile hazikutoa nakala iliyo sawa na ya asili kama ilivyo leo. Kila nakala ilipoteza ukali wa picha na rangi, na nakala ya nakala ilipoteza zaidi. Yeyote aliyewahi kununua kaseti ya muziki iliyorudufiwa kibandani anaijua hali hiyo, pale mwimbaji anaposikika kana kwamba yumo ndani ya pipa.

Sauti ndiyo iliyoumia zaidi. Maikrofoni ndogo za kamera hushindwa kunasa ipasavyo sauti nzito za chini, na mitambo yake hujirekebisha yenyewe kelele zinapozidi, hivyo ngoma ikipigwa kwa nguvu kila kingine hudidimia. Matokeo yake ni kinaya ambacho mashabiki wamekizungumzia miaka nenda miaka rudi: kanda iliyotengenezwa kumkumbuka mpiga besi ina sehemu nyingi ambamo besi haisikiki. Mtazamaji anaona vidole vikienda mbio, nywele zikirushwa huku na huko, suruali pana ya mtindo uliokuwa umepitwa na wakati ikipepea, na anachosikia ni mngurumo mmoja usiotenganishika.

Lakini si pote. Katika The Stone, wenzake wanapomwachia Burton jukwaa acheze peke yake kipande cha Anesthesia, kamera ile duni inamnasa. Hakuna gitaa jingine wala mwimbaji wa kumfunika, na ule mkwaruzo aliouweka katika sauti yake unaipandisha hadi mahali ambapo maikrofoni ndogo inaweza kuifikia. Ukumbi ni mdogo na aliye na kamera yuko karibu. Wengi waliomfahamu Burton kwa albamu peke yake walipata hapo, kwa mara ya kwanza, kuona kuwa sauti ile ilitoka kweli kwenye besi.

Maoni ya mashabiki hayakuwa ya kauli moja, na si sahihi kudai kwamba wote waliridhika. Wapo walioona kuwa dola 19.98 ni fedha nyingi kwa picha za kiwango ambacho rafiki angewarudufia bure. Wapo waliolalamika kwamba nyimbo zilikatwakatwa kutoka maonyesho tofauti, hivyo hakuna tamasha hata moja linaloonekana toka mwanzo hadi mwisho. Lalamiko hili la pili lilikuwa na uzito, na lilijibiwa kwa sehemu miaka mingi baadaye, mwaka 2016, wakati sanduku la toleo jipya la Kill 'Em All lilipojumuisha DVD ya onyesho la Chicago la 1983.

Wengi, hata hivyo, waliuchukulia ubovu huo kama uthibitisho. Picha iliyoyumba ilipigwa na mtu aliyekuwa akisukumwa na umati. Naye mtazamaji aliyewahi kusukumwa hivyo alijiona mwenyewe. Kuna pia waliothamini jambo ambalo waandaaji hawakulikusudia. Anayeonekana akipiga gitaa katika The Stone si Kirk Hammett bali Dave Mustaine, aliyefukuzwa wiki chache baadaye, Aprili 1983, akaenda kuunda Megadeth. Picha za Mustaine akiwa Metallica ni adimu, na kwa wanaofuatilia historia ya muziki huu dakika hizo chache zenye chenga zina thamani kuliko saa nzima ya picha safi.

Ni vyema kulinganisha na kazi zilizoharibiwa si na ufukara bali na uamuzi. Iron Maiden ya Uingereza ilipiga mbele ya umati unaokadiriwa kuwa watu 250,000 nchini Brazil, Januari 19, 2001, ikatoa video ya Rock in Rio mwaka uliofuata. Kamera zilikuwa nyingi na nzuri. Lawama iliyojirudia miongoni mwa mashabiki ni kuwa mhariri aliruka kutoka kamera moja hadi nyingine kwa kasi iliyowatia watu kizunguzungu, hata mpiga gitaa hakupewa nafasi ya kuonekana akimaliza anachokipiga. Hapo hapakuwa na kisingizio cha vifaa. Picha walizozitaka watazamaji zilikuwapo, zikakatwa.

Kasoro nyingine ni ya usafi unaotiliwa shaka. Judas Priest walipotoa Unleashed in the East mwaka 1979, rekodi ya maonyesho yao ya Japani, sauti ilikuwa safi kiasi cha kuzua maswali. Rob Halford alikiri baadaye kwamba alirudia kuimba sehemu zake studioni. Mashabiki waliibatiza rekodi hiyo jina la dhihaka, wakisema imefunguliwa studioni wala si Mashariki. Waliendelea kuipenda, lakini hiyo dhihaka haijawahi kuiacha. Kwa mizani hiyo Cliff 'Em All ilikuwa na kinga. Ilitangaza umaskini wake jaladani, na hakuna aliyeweza kuituhumu kuwa imepakwa rangi.

Metallica wenyewe walionyesha baadaye kuwa walijua kufanya vizuri zaidi. Sanduku la Live Shit: Binge & Purge la mwaka 1993 lilikuwa na video za Seattle ya 1989 na San Diego ya 1992, zilizorekodiwa kitaalamu, na onyesho la Seattle husifiwa hadi leo kwa ukali wa sauti yake. Newsted ndiye aliyekuwa kwenye besi.

Kuna upande mwingine wa kanda hii ambao uligeuka mchungu. Metallica ilikuzwa na watu waliorudufu kanda. Rekodi yao ya majaribio ya mwaka 1982, No Life 'til Leather, ilizunguka kwa mikono, kutoka mji hadi mji, kabla bendi haijawa na albamu. Cliff 'Em All iliendeleza uhusiano huo: kilichokuwa kosa mlangoni mwa ukumbi, yaani kuingiza kamera, kiligeuzwa kumbukumbu rasmi. Mnamo Aprili 2000 bendi hiyo hiyo iliishtaki kampuni ya Napster, iliyowawezesha watu kubadilishana nyimbo kupitia intaneti, na mwezi uliofuata ikawasilisha majina ya kutumia mtandaoni ya watu zaidi ya 300,000. Mashabiki wa zamani walikasirika, wakauliza ni lini aliyerudufu muziki wao alipoacha kuwa rafiki na kuwa mwizi. Ulrich alishikilia kwamba suala lilikuwa ni nani mwenye haki ya kuamua kazi ya msanii itumikeje. Hoja yake ina nguvu: kanda ya tamasha iliyopigwa gizani si sawa na wimbo kamili wa studioni uliochukuliwa kabla haujatoka rasmi. Hata hivyo, walalamikaji nao walikuwa na sababu ya kukumbuka ni nani walioweka akiba ya picha za Burton wakati bendi haikuwa nazo.

Kanda inafikia tamati kwa namna isiyofanana na kilichotangulia. Picha hazitembei tena, ni picha za kawaida za Burton, na nyuma yake inasikika sehemu tulivu ya Orion, wimbo usio na maneno kutoka Master of Puppets, ambao ulipigwa pia kwenye mazishi yake. Sauti hapo ni safi, kwa kuwa imetoka kwenye albamu, na besi inasikika kila nukta. Picha za Burton akiupiga wimbo huo wote jukwaani zisingepatikana popote, hata kwa shabiki mjanja kuliko wote. Metallica waliupiga mzima mbele ya watu kwa mara ya kwanza Juni 3, 2006, katika tamasha la Rock am Ring nchini Ujerumani, na aliyeshika besi siku hiyo alikuwa Robert Trujillo.