Kumtuliza Mtoto si Kumnyamazisha: Malezi ya Hisia Usangi, Upare Kaskazini

Utangulizi

Mtoto anayesifiwa na wakubwa huko Usangi, mkoani Kilimanjaro, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, ni yule mtulivu: hajibizani, halii ovyo, hanuni mbele ya wageni. Sifa hiyo ina msingi wake. Katika vijiji vya milimani, ambako mashamba yamebanana na majirani hupeana zamu za maji ya mfereji, mtu asiyeweza kuzuia hasira yake huwatesa wengi. Makala haya hayapingi lengo hilo. Yanapinga njia moja inayotumika sana kulifikia, yaani kumnyamazisha mtoto kwa ukali, kejeli au fimbo. Hoja yangu ni kwamba mtoto hujifunza kuitawala hisia baada ya kusaidiwa kuitambua na kuielewa, na kwamba Usangi tayari ina watu wa kuifanya kazi hiyo. Tatizo ni kwamba kazi yao hukatizwa mahali pawili: shuleni na msibani.

Utulivu huanzia kwa mtu mwingine

Mtoto mchanga hawezi kujituliza mwenyewe. Hubebwa, huimbiwa, hubembelezwa, na polepole kile alichokuwa akifanyiwa hujifunza kujifanyia. Mmoja wa wataalamu walioliweka jambo hili wazi aliliona hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955, Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 katika vijiji vya jirani na Kampala, akachapisha matokeo yake mwaka 1967. Aliona kwamba watoto waliojiamini zaidi walikuwa, kwa kawaida, wale ambao mama zao waliweza kuwaeleza kwa undani: analia vipi akiwa na njaa, anaogopa nini, anapenda kushikwa namna gani. Nadharia ya uhusiano wa mtoto na mlezi, ambayo leo inafundishwa duniani kote, ilipata ushahidi wake wa mwanzo kutoka kwa akina mama wa Uganda. Anayesema kwamba kuzijali hisia za watoto ni mambo ya Kizungu ana historia ya kujibu.

Hata Upareni kwenyewe, wazee hawakuiacha hofu ya kijana ijimalize yenyewe. Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu historia ya siasa ya Wapare, anaonyesha uzito wa jando la msituni katika dola ya Ugweno, jirani ya Usangi. Jando lilikuwa na ukali ambao hatuna sababu ya kuurudisha. Lakini kijana hakuingia msituni peke yake: alikuwa na wenzake, na wakubwa waliojua kinachomsubiri. Hofu ilipewa mahali pake na watu wake.

Jikoni kwa bibi

Wazazi wengi wa Usangi hutafuta riziki Mwanga, Moshi, Arusha au Dar es Salaam, na watoto wao hubaki kwa bibi. Hali hii hutajwa zaidi kama upungufu, na kweli mtoto huwakosa wazazi. Hata hivyo, ina nafasi ambayo wataalamu wa malezi wangeitamani.

Tuchukue mfano wa jioni ya makande. Mahindi na maharage huchukua saa nyingi kuiva, na kabla ya hapo lazima yachambuliwe. Bibi na mjukuu wamekaa na ungo mmoja, macho yao yako kwenye mawe na maharage mabovu. Bibi anasema, “Mjukuu wangu, leo umerudi kimya.” Mtoto hajibu. Bibi anaendelea kuchambua. Baada ya muda mtoto anasema kwamba hataki tena kwenda shule. “Kuna mtu kakuudhi, au kuna kitu unakiogopa?” Hapo ndipo habari inatoka: wenzake wamemcheka kwa sababu mama yake hajarudi tangu Krismasi. “Basi hiyo ni aibu, na ndani yake umemkumbuka mama. Hata mimi namkumbuka.”

Bibi huyu amefanya mambo matatu. Hakumkazia mtoto macho. Alimpa maneno mawili ya kuchagua, akamsaidia kuona kwamba kilichoonekana kama uvivu wa shule kilikuwa aibu na upweke. Kisha akakiri kwamba hata yeye ana hisia hiyo, na mtoto akajua kwamba inabebeka. Maneno yana nguvu ya aina yake hapa: mwaka 2007, Matthew Lieberman na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba watu wazima wanapoitaja kwa jina hisia wanayoiona usoni mwa mtu, msisimko wa sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu hupungua.

Shuleni

Asubuhi mtoto huyohuyo anaingia darasani, mahali ambapo chozi linaweza kuhesabiwa utovu wa nidhamu. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko shuleni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, vikitolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe. Maisha ya shule yako mbali na maandishi hayo. Utafiti wa Tobias Hecker na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, uliwahoji wanafunzi 409 wa shule ya msingi Tanzania. Karibu wote walikuwa wamewahi kuchapwa, nyumbani na shuleni. Waliochapwa zaidi walikuwa pia na ugomvi na utukutu zaidi. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kipi kilitangulia, lakini hautoi faraja yoyote kwa anayeamini kwamba fimbo huleta utulivu.

Mwalimu mwenye darasa kubwa ana haki ya kuuliza atapata wapi muda. Kinachohitajika kwanza hakidai muda: mtoto asichapwe wala kuchekwa kwa kulia, na anayeshindwa kueleza uchungu wake kwa Kiswahili aruhusiwe kuueleza kwa Chasu, lugha ya Wapare.

Msibani

Usangi, kama Upare wote, inajua kumsitiri mfiwa. Majirani huacha mashamba, hupika, hukesha. Lakini mtoto aliyefiwa mara nyingi hupelekwa nyumba ya pili, au huambiwa mama amesafiri. Nia ni njema, ila matokeo yake ni kwamba mtu mwenye msiba mkubwa kuliko wote ndiye asiyeambiwa pole.

Mtafiti Shannon Dorsey na wenzake walilishughulikia jambo hili kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote, wenye umri wa miaka 7 hadi 13, huko Bungoma, Kenya, na Moshi, Tanzania. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Katika vikao 12 vya kikundi, watoto walijifunza kutaja hisia, kujituliza na kusimulia kifo, na walezi wao walishirikishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Bungoma, nafuu ilikuwa kubwa na ilidumu mwaka mzima baada ya vikao. Moshi, baada ya mwaka, watoto waliopata huduma ya kawaida tu walikuwa wamepata nafuu inayokaribiana na ya wenzao.

Tusilisome tokeo hilo la Moshi kama ruhusa ya kukaa kimya. Kwangu mimi linaonyesha mambo mawili: kwamba watu wasio wataalamu wanaweza kujifunza kazi hii, na kwamba huenda katika maisha ya kawaida ya Kilimanjaro kuna msaada ambao bado haujachunguzwa vya kutosha. Bibi mwenye ungo anastahili kuwa sehemu ya uchunguzi huo.

Hofu ya kudekeza

Wazazi wengi watasema kwamba mtoto akiulizwaulizwa atadeka. Hofu hii ina ukweli ikiwa kukubali hisia kutachukuliwa kuwa ni kukubali kila tendo. Hayo ni mambo mawili. Mtoto aliyempiga mdogo wake kwa wivu anaweza kuambiwa kwamba wivu wake unaeleweka, na papo hapo akatakiwa kuomba radhi na kurudisha alichonyang’anya. Adabu haipungui hapo, kwa sababu safari hii anajua ni kitu gani hasa anachotakiwa kukizuia.

Hitimisho

Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inawalenga watoto wa miaka 0 hadi 8. Kwa Usangi, napendekeza utekelezaji wake uanze kwa kuwakutanisha mabibi, walimu wa madarasa ya chini, na mapadri, wachungaji na masheikh wanaoongoza mazishi, wakubaliane juu ya mambo matatu: mtoto asiadhibiwe kwa kulia, aambiwe ukweli wa kifo kwa maneno anayoyaelewa, na kila aliyefiwa awe na mtu mzima mmoja anayejulikana kwa jina atakayemfuatilia hadi mwaka uishe. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri bajeti. Yanasubiri wakubwa wakubali kwamba utulivu wanaoudai kwa mtoto ni wajibu wao kumfundisha.