Ni Nani Amchaguaye Jaji?

Sisi tukaao Mbozi Mission, mahali walipofika Wamoravian mwaka wa 1899, twalijua sana neno "shauri". Asili yake ni kuketi na kuulizana; baadaye likawa jina la kesi, na mwisho likawa jina la mtu. Zamani za Wadachi, mzee wa Unyiha aliyekuwa na daawa kubwa alishika njia ya Langenburg Mpya, ndio mji wa Tukuyu, akasimame mbele ya bwana wa boma. Walipokuja Waingereza, bwana huyo aliitwa Bwana Shauri. Yeye alikusanya kodi, yeye aliamuru askari, na yeye alihukumu. Twataka kueleza jinsi kazi ile ya tatu ilivyotoka mikononi mwake, na jinsi alivyopatikana yule aliyeipokea, yaani jaji.

Mwaka wa 1920 Mfalme wa Uingereza alitoa amri iliyoweka Mahakama Kuu ya Tanganyika. Jaji Mkuu wa kwanza, Sir William Morris Carter, alitoka Uganda, ambako alikuwa na cheo hicho hicho. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi: majaji walihamishwa kutoka koloni hili hata lile, kama walivyohamishwa mabwana wa boma, na idhini ya kuwaweka ilitoka London. Kabla ya tarehe 9 Desemba 1961, siku ya uhuru, hakuna Mwafrika wa Tanganyika aliyekalia kiti hicho.

Tena jaji yule mwenyewe hakuwa imara kama watu walivyomdhania. Kwao Uingereza, kwa sheria ya mwaka wa 1701, jaji hakuondolewa maadamu mwenendo wake ni mwema. Katika makoloni mambo yalikuwa mbali. Jaji mmoja wa Malaya, jina lake Terrell, alistaafishwa kabla ya wakati wake Wajapani walipoiteka nchi ile mwaka wa 1942. Akaishtaki serikali huko London. Mwaka wa 1953 akajibiwa ya kuwa jaji wa koloni hukaa kwa ridhaa ya Mfalme tu. Twaona ajabu kwamba waliotufundisha kuheshimu mahakama waliwanyima majaji wa kwetu kinga waliyowapa wa kwao.

Lakini kwa mwanakijiji wa Mbozi, jaji alikuwa kama mlima uonekanao kwa mbali. Mwaka wa 1929 Gavana Sir Donald Cameron alitoa sheria ya mabaraza ya wenyeji. Mtawala alihukumu, asiyeridhika alikata rufani kwa Bwana Shauri, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Mahakama Kuu haikuwa na neno hapo. Jaji Mkuu, Sir Alison Russell, aliupinga mpango huo, asisikilizwe. Basi mtu aliweza kugombea mpaka wa shamba maisha yake yote asimwone jaji hata siku moja. Alimwona palipomwagika damu, kwa kuwa kesi za mauaji zilikuwa za Mahakama Kuu.

Ukuta huo ulivunjwa baada ya uhuru. Mwaka wa 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na sheria ya mahakama ya mwaka huo ikaweka ngazi moja kwa watu wote: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Ngazi ilikuwapo, lakini wa kuipanda walikuwa haba. Wanasheria Waafrika walikuwa wachache mno, na chuo cha sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka wa 1961 tu. Ikabidi majaji waombwe nje. Kutoka visiwa vya Karibi alikuja Telford Georges, akawa Jaji Mkuu tangu 1965 hata 1971. Kisha akafuata Augustine Saidi, Mwafrika wa kwanza kukishika cheo hicho nchini.

Atakaye kujua safari ya jaji wa kizazi kile na atazame maisha ya Francis Nyalali, aliyezaliwa mwaka wa 1935 upande wa Ziwa Victoria. Alisoma Makerere, akasoma sheria London, akarudi kuwa hakimu. Baadaye aliongoza baraza la kudumu la kazi, mahali wafanyakazi na waajiri walipopatanishwa. Mwaka wa 1974 akawa jaji wa Mahakama Kuu, na mwaka wa 1977 Rais Nyerere akamweka Jaji Mkuu, naye ana miaka 42 tu. Wakubwa zake kazini walikuwapo. Akakaa katika kiti hicho hata mwaka wa 2000.

Katiba ya mwaka wa 1977 imeweka ya kuwa jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais, baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Yampasa awe na shahada ya sheria, na awe amekuwa hakimu, au wakili, au mtumishi wa umma mwenye sifa za uwakili, kwa miaka isiyopungua 10. Kumwondoa si kazi nyepesi: lazima ichunguze tume ambayo walio wengi kati yake ni majaji wa nchi za Jumuiya ya Madola.

Faida ya kinga hiyo ilionekana mwaka wa 1990 huko Mwanza. Mwanamke mmoja wa Muleba alikuwa ameuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Jamaa yake wa kiume akamshtaki kwa mila. Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi mwanamume. Shauri likapanda hata kwa Jaji James Mwalusanya, naye akaamua ya kuwa mila imzuiayo mwanamke kuuza ardhi kama mwanamume yapingana na haki zilizoandikwa katika Katiba. Mtu anayehofia kuhamishwa kesho asingeandika hukumu ile kwa urahisi.

Palibaki mlango mmoja ambao sisi twautilia shaka. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akitimiza miaka 60, lakini Katiba hiyo yamruhusu Rais kumwongezea muda kwa manufaa ya umma, jaji mwenyewe akikubali kwa maandishi. Basi yule wa miaka 59 aketiye kusikiliza kesi baina ya raia na serikali anajua ni nani atakayempa, au kumnyima, miaka hiyo ya nyongeza.