Dhahabu Kwenye Mvukuto: Deni la Konsetina kwa Wajalidi

Konsetina ni ndugu mdogo wa kodiani, ala ambayo wapenzi wa taarab wanaifahamu vizuri. Ilizaliwa London, na hataza mbili za mwanasayansi Charles Wheatstone, ya mwaka 1829 na ya mwaka 1844, ndizo zilizoiwekea msingi. Wanaoandika historia yake hushughulika zaidi na vibonyezo na ndimi za chuma zinazotoa sauti. Mvukuto wake hutajwa kama mfuko wa upepo tu, na nakshi za dhahabu zilizopigwa kwenye ngozi yake huitwa pambo, kisha mwandishi akasonga mbele. Hapo ndipo tunapopoteza nusu ya habari. Nakshi zile ni ushahidi kwamba konsetina ilijengwa juu ya maarifa ya wajalidi wa vitabu, na kupitia kwao ina deni kwa mafundi wa nchi za Kiislamu waliotangulia kutia dhahabu kwenye ngozi kwa chuma cha moto.

Tuutazame kwanza mvukuto wenyewe. Konsetina ya kawaida ina pande 6, na kila mkunjo unahitaji vipande viwili vya kadibodi kwa kila upande. Kwa hiyo mvukuto wa mikunjo mitano una vipande 60. Vipande hivyo huunganishwa kwa kitani kinachofanya kazi ya bawaba. Migongo ya mikunjo hufunikwa kwa kanda nyembamba za ngozi, na pembe huzibwa kwa ngozi iliyopunguzwa unene kwa kisu hadi iweze kukunjika maelfu ya mara bila kupasuka wala kuvujisha upepo. Kadibodi, kitani, gundi, ngozi na kisu cha kuipunguzia unene: vyote hivi vilikuwa juu ya meza ya mjalidi yeyote wa London katika karne ya 19. Jalada la kitabu nalo lazima lifunguke na kufungwa miaka mingi bila kuachia kwenye maungio, na tatizo hilo wajalidi walikuwa wamelitatua zamani, kabla Wheatstone hajazaliwa.

Utiaji dhahabu nao una masharti makali. Fundi hupaka ngozi ute wa yai uliochanganywa na siki, hulaza juu yake dhahabu iliyofuliwa ikawa nyepesi hata pumzi huipeperusha, kisha hukandamiza chuma cha shaba chenye nakshi, kikiwa cha moto. Joto hugandisha ute, na dhahabu hushika pale tu chuma kilipogusa, iliyobaki hufutwa. Chuma kikizidi moto ngozi huungua, kikipoa dhahabu haishiki. Ufundi huu ulitumika Marrakesh kwenye majalada ya msahafu wa mwaka 1256, uliotengenezwa kwa ajili ya Khalifa al-Murtada wa ukoo wa Almohad. Katika nusu ya pili ya karne ya 15 ulishika mizizi Italia, kwenye miji iliyofanya biashara na nchi za Kiislamu. Uingereza iliufuata baadaye: hati za madai ya malipo za Thomas Berthelet, mchapaji wa Mfalme Henry VIII, za miaka ya 1541 hadi 1543, zinataja vitabu vilivyotiwa dhahabu kwa mtindo wa Venice. Konsetina ilipoanza kutengenezwa, wajalidi wa London walikuwa na uzoefu wa karne tatu.

Msomaji makini atauliza: je, kufanana kwa vifaa kunathibitisha asili moja? Peke yake, hapana. Lakini dhahabu inaongeza hoja ambayo kadibodi haiwezi kuitoa. Anayeitazama nakshi iliyokamilika haoni ute wa yai, wala hajui chuma kilikuwa na joto kiasi gani kilipogusa ngozi. Ujuzi wa namna hiyo hauigwi kwa macho. Hufundishwa, mkono kwa mkono, karakana kwa karakana. Sidai kwamba kila mtengenezaji wa konsetina alikuwa mjalidi. Nadai kwamba aliyepiga nakshi zile alifunzwa na mtu aliyefunzwa kwenye mkondo wa wajalidi.

Wengine watasema dhahabu haiongezi sauti, na kwamba ilikusudiwa kuwafurahisha matajiri. Ni kweli haiongezi sauti, na ni kweli konsetina ya mwanzo ilipendwa kwenye sebule za wenye nacho, huku bingwa wake Giulio Regondi akiipiga kwenye kumbi za muziki. Hata hivyo, nakshi za dhahabu tunazikuta pia kwenye konsetina za Charles Jeffries, mtengenezaji aliyesifika kwa aina ya Anglo, iliyokuwa ala ya watu wa kawaida. Wapo pia watakaosema kwamba ala nyingi za bei nafuu hazikuwa na dhahabu, zilikuwa na karatasi zilizochapwa tu. Karatasi hizo nazo zina nyota, nukta na misalaba midogo iliyorudiwarudiwa kwa mpangilio, kama vile mjalidi anavyorudia chuma kimoja kidogo kwenye jalada. Hata mnunuzi wa kipato kidogo alipewa kivuli cha ufundi uleule.

Leo konsetina kuukuu hufufuliwa kwa wingi, na mara nyingi mvukuto uliochakaa hung'olewa ukawekwa mpya. Uamuzi huo unaeleweka, kwa sababu ala isiyoshika upepo haipigiki. Lakini ngozi ya zamani yenye dhahabu isitupwe kamwe. Mafundi waliopiga nakshi zile wengi hawakuacha majina, na ngozi hiyo ndiyo hati pekee waliyotuachia. Anayeifufua ala aihifadhi, aipige picha, aandike imetoka kwenye konsetina yenye namba gani, na awape wanahistoria nafasi ya kuisoma.